Niliandika Malaria

Nianze na kosa lenyewe kabla sijaanza kujitetea. Niliandika malaria. Ouma hakufa kwa malaria. Ouma alijiua, nikajua, na mkono wangu huu huu ukaandika malaria kwenye kitabu cha vifo. Mungu anisamehe!

Jina langu sitalitaja, wala jina la jela. Jua tu kwamba iko upande wa Kisumu, na kwamba nilikuwa muuguzi pale kwa miaka kumi na moja. Nilivaa sare kama askari wengine lakini wafungwa waliniita Sista. Vidonda, presha, dawa za TB, vyote vilipita kwenye chumba changu kidogo chenye dirisha moja. Na mtu akifa, mimi ndiye niliyejaza kitabu.

Watu wa nje hawajui kwamba kuna kitabu cha namna hiyo. Kipo. Kila mwisho wa mwezi nilikinakili kwenye fomu ya kupelekwa Nairobi, ambako kuna watu kazi yao ni kuangalia wafungwa wanafia wapi na wanakufa kwa nini. Kifo cha ugonjwa ni mstari mmoja, unaandika, unaenda kunywa chai. Kifo cha mtu aliyejitoa uhai kina ukurasa wa pili, wenye maswali mengi. Katika miaka yote ile sikuwahi kuujaza ukurasa ule hata mara moja. Nilikuwa najivunia, eti jela yetu ni tulivu!

Ouma alikuwa rumande. Mvuvi wa Luanda Kotieno, miaka ishirini na sita, mrefu, mpole, akicheka anaziba mdomo kwa aibu. Kesi yake ilikuwa ya vita vya ufuoni, mtu akaumia vibaya. Ikatajwa, ikaahirishwa. Ikatajwa tena, ikaahirishwa tena. Aliporudi kutoka kortini mara ya tano bila lolote kusikizwa, alikosana na wenzake kwa neno dogo tu, akahamishwa chumba cha nyuma. Hicho ni chumba cha kumkalisha mtu peke yake, apoe. Asubuhi ya pili askari walimkuta. Alivyofanya sitasema, na wewe usitake kujua. Tulimkimbiza hospitali akiwa bado anapumua, akakaa siku mbili, akafa.

Polisi walikuja, wakaandika maelezo, na faili likaenda pale ambapo mafaili huenda. Karatasi ya hospitali ilisema, kwa lugha ya madaktari, kwamba mapafu yalishindwa kufanya kazi. Ni kweli yalishindwa. Kilichoyashinda hakikuandikwa.

Mama yake alikuja kwangu siku ya tatu, asubuhi. Mwanamke mwembamba, leso kiunoni, viganja vinanuka omena, wale dagaa wa ziwani. Alikaa kwenye benchi, hakulia. Aliniangalia sana usoni kabla ya kufungua mdomo.

"In nyar kanye?" akaniuliza. Wewe ni binti wa wapi?

"Nyar Asembo, mama."

"Aa! Asembo na sisi watu wa Uyoma si ni boma moja tu? Basi wewe ni wetu." Akanishika mkono. "Nyathina, mwanangu, niambie ukweli. Kijana yangu alikufa na nini? Juu kule nyumbani wameanza kuulizana. Wazee wanataka kujua watapitisha yeye wapi."

Kama wewe ni mtu wa ziwa hili umeshaelewa swali. Kama si wa huku, ngoja nikueleze. Kwetu, kwa mila za zamani, mtu aliyejiua hazikwi kama watu. Hapitishwi langoni, ua unabomolewa upande apitie hapo. Anazikwa haraka, nje ya boma, bila matanga na bila mtu kumlilia kwa sauti. Na baada ya hapo hakuna mtoto atakayeitwa jina lake. Siku hizi makanisa yamepunguza makali, lakini nyumba zinazoshika bado zipo, na nyumba ya yule mama ilikuwa mojawapo. Mimi nimekulia katika nyumba kama hiyo. Nilimwona shangazi yangu akizikwa hivyo nikiwa mdogo, na jina lake hatukulitamka tena.

Kwa hiyo nilimwangalia yule mama, huruma ikanishika.

"Malaria, mama," nikasema. "Ilipanda kichwani."

Alifumba macho. Akasema polepole, "Ero kamano, Nyasaye." Jamani! Mama alimshukuru Mungu kwa malaria!

Alipoondoka nilifungua kitabu nikaandika neno lile lile, ili kesho mtu wa ukoo akija kuuliza, kitabu na mdomo wangu viwe kitu kimoja. Mkubwa wa jela alisoma, akanitazama juu ya miwani, akasaini. "Vizuri, Sista," akasema. "Hakuna haja ya kusumbuana."

Nilienda mazishi. Ouma alipitishwa langoni akiimbiwa, akalazwa karibu na kaburi la baba yake, na mama akalia mpaka akaishiwa sauti. Nilikula, nikashiba, nikarudi Kisumu najiona malaika. Huo ndio ukweli wangu. Sikurudi na majuto, nilirudi na kiburi!

Miezi saba baadaye mzee mmoja wa rumande alikutwa vilevile, chumba kile kile cha nyuma. Sikuwa hata nimevaa glavu, askari mmoja akanipigia kelele kutoka mlangoni, "Sista, si uandike tu kama ile ya Ouma!" Alisema kama mtu anayekukumbusha kununua sukari. Mkubwa alikuwa amesimama pale pale, hakusema kitu. Nikaandika presha.

Safari hiyo hapakuwa na mama kwenye benchi. Mzee yule hakuwa na mtu aliyekuja kumuulizia. Hapakuwa na wa kumhurumia, na bado niliandika. Ndipo ujue kwamba huruma ilikuwa imeisha zamani, yalikuwa mazoea. Ukurasa wa pili ulikuwa mrefu, nami nilikuwa nimechoka.

Halafu wakaja wageni kutoka Nairobi, watu watatu na kompyuta zao. Walikuwa wanazunguka majela yote ya upande huu kutafuta ni wapi watu wanajitoa uhai, ili wapeleke mshauri wa kudumu na wafundishe wafungwa wenyewe namna ya kukaa na mwenzao aliyezidiwa. Walipitia kitabu changu mstari kwa mstari. Dada mmoja mwenye sauti nzuri akaniambia, "Kwenu sioni hata kimoja, Sista. Hongera. Mnafanyaje?"

Na mimi nikajibu, "Tunawaombea."

Walicheka kwa adabu, wakafunga kompyuta zao. Mshauri akapelekwa jela nyingine. Ningeweza kumkimbilia yule dada kwenye gari. Nilisimama dirishani nikalitazama gari likipita geti, nikaenda kunywa chai.

Sasa nikwambie kuhusu Kimani, na hapa ndipo mkono unakuwa mzito.

Kimani alikuwa Mkikuyu aliyekuwa akiuza kava za simu mjini Kisumu. Watu wake walikuwa mbali, huko kwao, na hakuna aliyekuwa amekuja kumwona. Wenzake wa selo waliongea Kijaluo kutwa, naye hakukijua, kwa hiyo alikuwa anakaa katikati ya watu arobaini bila wa kusema naye. Alikuja chumbani kwangu Jumatatu moja, saa nne asubuhi. Akakaa kwenye kiti, akakunja mikono.

"Sista, silali," akasema. "Wiki mbili sasa."

"Kichwa kinauma?"

"Si kichwa. Ni mawazo. Kortini wamesongesha tena." Akaikunjua mikono. "Wakati mwingine nafikiria ni heri tu nimalize hii maneno."

Nilisikia vizuri. Nisije nikakudanganya hata wewe. Nilisikia, nikajua anachosema. Lakini nilikuwa nimeshaandika mara mbili kwamba jambo hilo kwetu halipo, na wageni walikuwa wameshanipa hongera. Nilikuwa nimeanza kukiamini kitabu changu mwenyewe.

"Wacha maneno hayo, Kimani," nikamwambia. "Hapa kwetu hakuna mtu hufanya hivyo."

"Hakuna?"

"Hakuna hata mmoja. Miaka kumi na moja niko hapa. Kitabu ndicho hicho, kiko mezani."

Alikiangalia kitabu. Kisha akatikisa kichwa, akatabasamu kidogo, kama mtu aliyeaibika.

"Kumbe ni mimi tu," akasema.

Nikampa vidonge viwili vya maumivu nikamwambia aombe Mungu. Akasema asante, Sista. Akarudisha kiti vizuri chini ya meza, akatoka.

Alhamisi aligombana na wenzake kuhusu mahali pa kulala, wakampeleka chumba cha nyuma. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikuwa nimemwambia mtu yeyote alichoniambia. Ijumaa asubuhi tulimkuta ameshafariki.

Kumbe ni mimi tu! Ningekuwa nimeandika ukweli mara mbili tu, ningemwambia, "La, Kimani, si wewe peke yako. Wako wengine waliofika hapo ulipofika. Kaa hapa tuongee." Badala yake nilimwonyesha kitabu cha uongo, naye akakiamini.

Siku ile nilifungua kitabu nikaweka kidole kwenye mistari yao. Ouma, mzee, na nafasi tupu ya Kimani. Wote rumande. Wote walikuwa wametoka kortini wiki ile bila jibu. Wote chumba cha nyuma, wote peke yao. Mtoto wa darasa la tatu angeona! Lakini mtu wa Nairobi angeona nini? Angeona malaria na presha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha kifo chenyewe.

Nilienda kwa Mkubwa nikamwambia siandiki uongo wa tatu, na wale wawili wa kwanza nitawarekebisha.

"Sista, umeanza lini kuwa mtakatifu?" akaniuliza.

"Leo, Afande."

"Ukifungua hii umefungua zote. Utaenda wewe kwanza, halafu mimi."

"Najua, Afande."

Kisha akanigonga pale panapouma. "Na yule mama wa Luanda Kotieno? Utaenda kumfukulia kijana wake?"

Sikulala usingizi mzima kwa siku tatu. Nikisema ukweli, ninamtoa Ouma langoni alikopitishwa. Nikinyamaza, kuna mtu mwingine atatoka kortini wiki ijayo na kupelekwa chumba kile. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika mwisho. Nikaamua mama asije akasikia kwa watu. Atasikia kwangu.

Nilifika Luanda Kotieno mchana, jua kali. Nilimkuta akigeuza omena zilizoanikwa kwenye wavu, mjukuu wa kiume mgongoni. Aliponiona alipiga kigelegele!

"Nyar Asembo! Uko! Kuja, kuja uone Ouma!" Akanigeuzia mgongo nimwone mtoto. Binti yake alikuwa amezaa, na mtoto amepewa jina la mjomba.

Aliniingiza ndani, akanipa maji. Kwenye ukuta, juu ya kochi, kulikuwa na mfuko wa plastiki umening'inizwa kwenye msumari, na ndani yake chandarua kipya kimekunjwa vilevile kilivyotoka dukani. Aliona nakiangalia.

"Hiyo neti ndiyo iliniua," akasema. "Siku nilienda kumwona mara ya mwisho alisema, mama, mbu ni mingi huku, niletee neti. Nikamwambia wiki ijayo. Samaki ilikuwa mingi wiki hiyo, nikasema wacha nimalize. Nyar Asembo, mimi ndiye niliua mtoto yangu. Kila mama hapa ufuoni namwambia, usichelewesha neti."

Miaka miwili nilikuwa najiambia angalau nilimpa mama amani. Kumbe nilimpa chandarua akitazame kila asubuhi.

Nikamwambia. Sikuzunguka. Nilipiga magoti sakafuni nikamwambia Ouma hakuwa na malaria, nikamwambia alichofanya, nikamwambia ni mimi niliyedanganya na kwa nini. Nikamwambia kuhusu mzee na kuhusu Kimani. Hakunikatiza.

"Kwa hivyo haikuwa neti," akasema mwishowe.

"Haikuwa neti, mama."

"Miaka mbili." Sauti ilikuwa ndogo sana. "Miaka mbili najiita muuaji."

"Mos, mama. Pole sana."

"Nyamaza, usiniambie mos." Akamshusha mtoto mgongoni, akampakata. "Wewe niambie hii. Nani aliongea na yeye mwisho?"

Akaendelea mwenyewe.

"Alikula hiyo jioni? Alilia? Aliniita? Kuna mtu alisikia?"

Sikuwa na jibu hata moja. Maswali yake yalikuwa yale yale ya ukurasa wa pili. Wiki ile Ouma alipokufa, wenzake wa selo walikuwa wote pale, askari wa zamu alikuwa pale, ningewauliza kwa nusu saa tu ningejua. Sasa wametawanyika, wengine wameachiwa, wengine wamehamishwa majela mengine, askari ameenda Turkana. Maneno ya mwisho ya mtoto wake yamepotea, na mimi ndiye niliyeyapoteza kwa uvivu niliouita huruma.

"Hamkuuliza," akasema. "Hamkuuliza hata."

Alisimama na mtoto akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango. Hakunifukuza wala hakunitukana. Ningemshukuru kama angenitukana! Nilikaa pale peke yangu, kisha nikatoka nikamalizia kugeuza zile omena, kwa sababu jua lilikuwa linaziunguza na sikujua kitu kingine cha kumfanyia.

Jumatatu niliandika maelezo yangu yote, kurasa sita, nikayatuma Nairobi. Nimesimamishwa kazi, nangoja kuitwa. Mkubwa amehamishwa. Chumba cha nyuma kimefungwa kwa kufuli, na nasikia mshauri amekuja, anakaa kwenye kile chumba changu chenye dirisha moja. Nafurahi. Lakini Kimani haamki kwa hayo.

Huko Uyoma wazee wamekaa vikao vitatu. Kaburi halijaguswa, lakini kuna ndugu hawaingii tena boma lile kwa lango. Shangazi mmoja anataka mtoto abadilishwe jina, na bibi yake, mama wa Ouma, amekataa katakata. Hayo nimeyasikia kwa watu. Yeye mwenyewe nikimpigia simu hapokei, na ana haki.

Mimi nimepanga chumba kimoja karibu na soko la Otonglo. Siku ya soko watu wamejaa mpaka mlangoni kwangu, wananunua, wanabishana, wanacheka, na inaweza kupita wiki bila mtu kuniita jina langu. Wenzangu wa kazini wakiniona kwenye steji ya matatu wanageukia simu zao. Kwao mimi ni msaliti. Kanisani nikitaka kusimama kuomba kuombewa, nabaki nimekaa, maana nitaanzia wapi? Juzi mtu alikosea namba akanipigia akiuliza kama mbuzi bado wapo. Nilimshikilia kwenye simu karibu dakika kumi, naongea habari za mbuzi nisiokuwa nao. Alipokata nililia.

Majuto ni mjukuu, nami wangu amekuja kukaa. Sikuandika haya ili mnionee huruma. Huruma ndiyo iliyonifikisha hapa.

Wewe unayejaza vitabu kama changu, iwe jela, iwe kituo cha polisi, iwe hospitali, andika alivyokufa. Usimfichie mama yake. Kaa naye umwambie, na umshike mkono wazee wakianza kusema yao. Uulize waliomwona mwisho, siku hiyo hiyo, kabla hawajatawanyika, kwa sababu kuna mtu atakuja kukudai maneno hayo na hutakuwa nayo.

Na wewe mwenye ndugu ndani, nenda ukamwone wiki hii. Mambo ya wiki ijayo mama wa Ouma ameshayajaribu.

Na mtu yeyote, popote, akikuambia kwamba ni heri amalize, usimwambie hakuna mwingine. Mwambie wako wengi waliofika hapo, na wengi walishikwa mkono, wakasema yaliyowajaa, wakaishi mpaka leo. Mwulize waziwazi, usiogope neno. Kisha usimwache peke yake, mpaka umwite mtu wa kusaidiana naye. Mimi Jumatatu ile nilikuwa na asubuhi nzima. Kimani alikuwa ameshakaa kwenye kiti, na kwenye benchi la nje hapakuwa na mgonjwa mwingine anayengoja.